Bwana Afya Arudipo Darasani

Huku Nakuru, tangu Njoro hadi Gilgil, wengi bado humwita afisa wa afya ya umma bwana afya, hata akiwa mwanamke. Ndiye anayeingia jikoni mwa hoteli kudai vyeti vya wapishi na kupima umbali wa choo na kisima. Wengi wa maafisa hao walianza na diploma ya miaka 3 ya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC. Wakitamani digrii, ambayo ni miaka 4, hupiga hesabu ya haraka: 4 toa 3, unabaki mmoja. Chuo kikuu hakiitambui hesabu hiyo, na si kwa ukaidi wa makarani tu.

Mlango wenyewe uko wazi. Mwenye C+ ya KCSE huingia moja kwa moja. Wa C huzunguka kupitia diploma. Katika mfumo wa taifa wa sifa za masomo, uliowekwa kwa sheria ya 2014, diploma ni kiwango cha 6, digrii cha 7. Ngazi moja. Ila ngazi hiyo inakuruhusu kupanda tu. Haisemi utatua mwaka wa ngapi.

Hilo huamuliwa somo kwa somo, kwa kutazama kina na saa. Kwenye saa ndiko watu huumia. Kawaida ya vyuo kama Nairobi, somo zima ni saa 45 za mhadhara, na saa 3 za vitendo huhesabiwa kuwa 1. Aliyezunguka nyanjani saa 120 akikagua maduka ya nyama hupewa 40. Hazitoshi hata somo moja. Mizani hiyo inafaa maabara ya wanafunzi. Kwa mtu aliyefunga bucha huku mwenyewe akimfokea, naiona ni dhuluma.

Upande wa kina, chuo kina haki. Chukua floridi ya maji ya Bonde la Ufa. Bwana afya anakijua kisima kinachotia meno rangi ya kahawia, na anaweza kuielekeza familia kwenye chujio la mkaa wa mifupa, kama yale ya Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru. Digrii itamuuliza mengine: ni watoto wangapi kati ya wangapi, na utajuaje kuwa ni maji, si chai wala magadi ya kupikia? Jibu liko kwenye takwimu na epidemiolojia, na mazoea ya kazi hayalipi deni hilo.

Basi anayehama abebe silabasi ya diploma yake yenye muhuri, si transkripti pekee. Jina la somo halimwambii mkuu wa idara kilichofundishwa. Adai orodha ya masomo aliyosamehewa, kwa maandishi, kabla ya kulipa karo. Aulizie pia kama kozi inatambuliwa na baraza la maafisa na mafundi wa afya ya umma, lililoundwa kwa sheria ya 2013, maana karo nafuu isiyo na utambuzi ni ghali.

Kisha aisome orodha hiyo vizuri. Anaweza kuwekwa mwaka wa pili huku takwimu za mwaka wa kwanza zikimsubiri, na ratiba mbili zigongane Jumanne asubuhi. Hapo achague takwimu, muhula uleule, kwa kuwa epidemiolojia imejengwa juu yake.