Kioo Cheusi na Nyoka wa Syokimau

Black Mirror ni mfululizo wa tamthilia za televisheni uliobuniwa na Mwingereza Charlie Brooker na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2011. Tangu 2016 umekuwa ukitolewa na kampuni ya Netflix. Karibu kila tamthilia husimama peke yake, na kinachoziunganisha ni dhamira moja: madhara ya mitambo ya kisasa kwa utu wa binadamu. Kioo kinachotajwa ni uso wa simu au televisheni iliyozimwa, ambamo mtazamaji hujiona mwenyewe. Mfululizo huu umesifiwa sana kuwa ni utabiri. Ikiwa ni hivyo, yafaa upimwe pia kwa mizani ya jamii zenye fasihi ya utabiri tangu kale, mathalani Wakamba wa Machakos, Kitui na Makueni.

Husimuliwa Ukambani kwamba mtabiri Syokimau aliona nyoka mrefu atemaye moto na moshi, akinyooka kutoka maji makuu hadi maji makuu mengine, na pamoja naye watu wa ngozi nyekundu kama nyama, wasemao kama ndege na kubeba moto mifukoni. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, katika Makueni ya leo, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Viktoria mwaka 1901. Yawezekana kupinga kwamba masimulizi haya yaliandikwa vitabuni baada ya reli kwisha kujengwa. Pingamizi hilo lina uzito kwa mwanahistoria. Mhakiki ana swali jingine: sitiari hii inafanya kazi gani?

Jina la Kiswahili, gari la moshi, laeleza kinachoonekana kwa macho. Nyoka wa Syokimau aeleza zaidi, kwa kuwa ana kichwa na mkia: atoka mahali, aenda mahali, tena haji peke yake. Chombo na wenye chombo huonekana kwa pamoja, na msikilizaji hawezi kukiogopa kimoja na kuwasahau wengine.

Hapa ndipo penye udhaifu wa Black Mirror. Katika "Nosedive" (2016), Lacie huishi katika jamii ambamo watu hupeana alama kwa simu, na alama hizo ndizo ziamuazo nyumba atakayopata. Fani ya tamthilia hii ni imara: rangi zake za upole na tabasamu za kulazimishwa zatosha kuonyesha utumwa. Lakini nani aliyeuanzisha mpango huo? Nani anayefaidika nao? Tamthilia haiulizi, lawama yote yaangukia tamaa ya Lacie. Ni haki kukiri kwamba "Fifteen Million Merits" (2011) yalikaribia swali hilo, pale hasira ya Bing inapogeuzwa na wakubwa kuwa kipindi cha burudani. Hata hivyo, wakubwa hao hawana historia.

Kwa mtazamaji wa Kitui au Makueni, alama za Lacie si jambo la kesho. Tangu M-Shwari ianze mwaka 2012, mwuza ndengu wa Kitui na mwuza maembe wa Wote wamezoea kukopa kwa simu, na simu ndiyo inayopima kama wanaaminika. Baadhi ya wakopeshaji waliwapigia jamaa na marafiki za mdaiwa ili kumwaibisha, hata sheria ya Benki Kuu ya Kenya ikarekebishwa mwaka 2021 na kanuni za kukataza mwenendo huo zikatolewa mwaka 2022. Hatua hiyo haikuwezekana kwa kulaumu tamaa ya mkopaji. Ilibidi mkopeshaji atazamwe. Vivyo hivyo kwa reli mpya iliyopita Makueni mwaka 2017, iliyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China: swali la nani anafaidika na nani analipa halitenganiki na chuma chenyewe.

Mchango wa Brooker usidharauliwe. Ameionyesha hofu ya zama hizi kwa ustadi. Hata hivyo, ni makosa kuufundisha mfululizo wake kama fasihi ya utabiri na kumwacha Syokimau katika orodha ya mila. Kioo humrudishia mtazamaji uso wake mwenyewe. Nyoka humlazimisha ainue macho na kutazama upande anakotokea.