Kidole Kimoja Juu ya Bolti

Bunduki mpya ikitolewa sandukuni, kila aliyepo huitaka mkononi. Mmoja atausifu mti wa kitako, mwingine ataipandisha begani alenge paa, wa tatu atavuta bolti mara mbili tatu ili asikie tu mlio wake. Mzee ninayemwandika hapa huwaacha wamalize hamu yao. Kisha hunyoosha mkono, wala haiombi bunduki nzima. Huomba bolti peke yake, akaenda kukaa nayo karibu na dirisha.

Ni fundi wa silaha. Alitumikia maghala ya askari wa wanyamapori hadi akastaafu, na makazi yake sasa ni Ifakara. Wenye leseni zao za uwindaji bado humfuata, na wanachomfuatia ni kazi moja ambayo wengi wetu hatujui hata kama ipo: kupima ile nafasi ambamo risasi hulala ndani ya chemba, kuanzia uso wa bolti hadi pale chuma kinapoizuia isisogee mbele. Jicho halifiki hapo. Bunduki ikishafungwa tayari kupigwa, nafasi hiyo imezungukwa na chuma pande zote, na kati ya iliyo salama na isiyo salama tofauti ni sehemu chache za elfu moja za inchi, kama unene wa unywele mmoja au miwili.

Nafasi ikibana, bolti haifungi. Mezani hilo ni usumbufu tu. Ndani ya matete ya Kilombero, nyati aliyejeruhiwa akiwa hatua kumi mbele yako, ni jambo jingine. Ikilegea, risasi huwaka kitako chake kikiwa hakijapata pa kuegemea. Ganda hunata kwenye kuta za chemba upande wa mbele huku kitako kikisukumwa nyuma. Shaba inavutika, inakuwa nyembamba, na siku moja inakatika juu kidogo ya kitako. Gesi ya moto hutafuta njia ya kurudi, na njia hiyo inaelekea usoni kwa mlengaji. Ubaya wake ni kwamba bunduki yenye kasoro hii inaweza kupiga vizuri msimu mzima. Inalenga, inaangusha, inasifiwa.

Nilipata bahati ya kumtazama akiifanya kazi hiyo bila kuharakishwa. Kwanza anaivua bolti: anatoa springi, anatoa pini ya kupigia, anatoa kila kinachosukuma, mpaka kinabaki chuma kitupu kinachoteleza kwa uzito wake chenyewe. Kisha chemba. Anaisafisha kwa kitambaa cha pamba kilichozungushiwa kijiti, anakitoa, anakitazama kwenye mwanga, anarudia kwa kitambaa kingine. Bonde hili lina mchanga mwembamba wa mtoni unaopenya hata ndani ya sanduku lililofungwa, na punje moja ikibaki ndani itasema uongo: itaifanya nafasi iliyolegea ionekane imebana.

Geji zake ziko kwenye kikopo cha bati, kila moja imeviringishwa kitambaa chenye mafuta. Ni vipande vya chuma kigumu vilivyochongwa kwa umbo la risasi. Ya kwanza ina urefu ambao bolti lazima iufunge. Ya pili imezidi kidogo, na hiyo bolti lazima iikatae. Anaiweka ya kwanza chini ya kucha ya bolti, ile inayoshika ganda, anaisukuma ndani polepole, halafu anauteremsha mkono wa bolti kwa kidole kimoja. Kimoja tu. Nguvu ya ngumi ingeweza kuifunga bolti juu ya geji isiyostahili, ikaumiza vyote viwili, kipimo na kinachopimwa. Mkono wa bolti ukishuka mpaka chini bila kusita, anaguna kukubali. Kwa geji ya pili huzuia pumzi. Mkono unaanza kushuka, unagusa kitu, unasimama katikati ya safari. Hapo ndipo uso wake unapokunjuka.

Anayoipenda kuliko zote ni .404, risasi iliyobuniwa Uingereza na kampuni ya W. J. Jeffery mwaka 1905. Idara ya wanyamapori ya Tanganyika iliwagawia askari wake bunduki za risasi hiyo kwa ajili ya tembo walioingia mashambani. Mkulima wa mpunga wa bonde hili hahitaji kuelezwa maana yake: usiku wa kukesha dunguni, madebe yakipigwa, na tembo wasijali. Askari aliyekuja kumsaidia alikuja kwa miguu, na alichobeba ndicho kilichosimama kati yake na mnyama. Sasa, risasi hiyo ina bega la mteremko mpole mno, na ni bega hilo tu linaloizuia ndani ya chemba. Haina ukingo mpana kitakoni kama .303, wala mshipi wa shaba juu ya kitako kama .375. Bega lililolala namna ile halitoi kituo kikali, na aliyeichonga chemba kwa pupa anaweza asijue alipokosea. Mzee anasema ukishaweza kuipima .404, nyingine zote zinakutii.

Kwa .303 fundi alirahisishiwa. Lee-Enfield namba 4 ilikuwa na kichwa cha bolti kinachofunguliwa kwa kuzungushwa, navyo vichwa vilitengenezwa kwa namba kuanzia 0 hadi 3, kila namba ikizidi urefu kidogo kuliko iliyotangulia. Nafasi ikilegea kwa uzee wa bunduki, kichwa kilibadilishwa, ikapimwa tena. Anavikumbuka vimepangwa kwenye kisanduku cha mbao, na pembeni yake daftari ambamo kila bunduki iliandikiwa namba yake, namba ya kichwa, tarehe ya kupimwa na saini ya aliyepima. Juu ya daftari hilo anaweza kuzungumza mpaka chai ipoe. Kurasa zake zilikuwa na madoa ya mafuta, na wino wa saini nyingine umefifia, lakini hapakuwa na mstari uliorukwa. Bunduki ikimdhuru mtu huko Malinyi au Mlimba, palikuwa na jina la kuulizwa. Namwamini anaposema kwamba mtu huuteremsha mkono wa bolti kwa adabu nyingine kabisa akijua kuwa baada ya hapo ataandika jina lake.

Watu wa huku wanaijua bunduki tangu siku zilizo chungu. Agosti 1905, mwaka uleule wa risasi ya Jeffery, Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Wajerumani la Mahenge kwa mikuki, magobore na imani ya maji, wakapokewa kwa rashasha. Gobore halina bolti wala ganda. Baruti inashindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni, na aliyeshindilia ndiye aliyebeba dhamana ya kipimo chake, mkononi na usoni mwake mwenyewe. Wandamba waliowinda mtoni na mabwawani nao hawakuwa watu wa kubahatisha. A. G. O. Hodgson alipoandika juu ya desturi zao za uwindaji mwaka 1926, aliandika habari za dawa na matayarisho ambayo hayakurukwa. Mtu anaweza kuzikataa dawa zile, lakini asiikatae ile heshima ya kutotoka nyumbani kabla ya silaha na mwenye silaha kuwa tayari.

Geji zikikubali, kazi haijaisha. Bunduki hupelekwa nje ya mji, ikafungwa juu ya tairi kuukuu, mdomo ukitazama kichuguu, na mzee huvuta kifyatulio kwa kamba akiwa nyuma ya mti. Ganda likitoka huliokota likiwa bado la moto. Anatazama kama fataki imechomoza, anatafuta mstari unaong'aa kuzunguka ganda juu ya kitako. Kisha anatoa waya mwembamba aliouinamisha ncha ikawa kindoana, anauingiza mdomoni mwa ganda na kuliparuza ndani taratibu kuelekea chini. Shaba ikiwa imeanza kuvutika, ncha hunasa kwenye kijifereji muda mrefu kabla ya ufa kuonekana nje. Alinipa ganda moja bovu analolitunza kwa mafunzo, nikajaribu. Vidole vyangu vilisikia kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikikana.

Bunduki iliyokuwapo siku ile ilikuwa Mauser kuukuu iliyovalishwa mtutu mpya nje ya nchi, ikaja na cheti chenye muhuri. Geji ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita vilevile. Mkono wa bolti ukashuka mpaka chini bila kukwama. Akaisafisha chemba upya, akapima tena, ikawa vilevile. Kijana aliyeileta, mtu wa adabu aliyekuwa ameingia na shikamoo yake kwa kuinama, akasema taratibu, "Lakini babu, hii ni mpya. Haijapigwa hata risasi moja."

"Mpya kwa nani, mjukuu wangu?"

Akachukua chaki, akaandika BADO kwenye kitako. Mtutu ulipaswa ufunguliwe, ukerezwe nyuma kidogo, chemba ichongwe tena. Ni kazi ya mashine, ya muda na ya pesa, na wageni wa kampuni ya uwindaji iliyomtuma kijana walikuwa wanafika wiki ileile. Simu ilipigwa, akaombwa aangalie namna. Hakuiruhusu.

Sisi wengine tungeiruhusu, na hilo linanisumbua. Tumezoea kuusikiliza muhuri kuliko mkono. Bearing ya bodaboda inalia siku ya kwanza, tunaambiwa itajiseti yenyewe. Mlango wa nyumba mpya haufungi, tunaambiwa mbao zitajiseti. Chuma hakijiseti. Chemba iliyolegea ikiendelea kupigwa hailegei kidogo kuliko jana, na anayelipia si aliyeichonga wala aliyegonga muhuri. Ni askari aliyetumwa usiku. Naye bado anatumwa. Tembo bado wanataka kuvuka kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, na njia yao inapita kwenye miwa na mpunga wetu.

Vijana wawili waliwahi kukaa na mzee kujifunza. Mmoja sasa anatengeneza simu, mwingine amehamia mjini. Siwalaumu. Kazi yenye mafanikio ambayo hakuna anayeyaona hupata mlipaji kwa shida, na ule ujira mdogo anaopewa mzee haugawanyiki. Geji za .404 zilizo kwenye kile kikopo hajamwona wa kumwachia.

Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 na cha Pasiansi, Mwanza, mwaka 1966, na watu wengi wanaolinda wanyama wa nchi hii wamepita humo. Naviomba vyuo hivyo vimwite mzee huyu na wenzake wachache waliobaki, waje na vikopo vyao, wapewe meza yenye mwanga na vijana wenye subira. Na wewe mwenye bunduki ya leseni, hata kama ni mpya na ina cheti, ipeleke kupimwa kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa Julai 1. Ukimpata anayeteremsha bolti kwa kidole kimoja, mlipe anachotaka, na usimharakishe.