Hii Katafsiri Nani?

Kwenye banda la video la Ushirombo, au kwenye meza ya kijana anayejaza muvi kwenye flashi kando ya barabara ya Kahama kwenda Nyakanazi, mteja mara nyingi huanza na swali hilo. Mwigizaji ataulizwa baadaye. Nchi ilikotoka filamu huenda isiulizwe kabisa. Kijana naye analijua hilo, ndiyo maana kwenye kompyuta yake filamu hazikupangwa kwa Hong Kong, Nigeria au Marekani. Zimepangwa kwa majina ya watafsiri wanaozisimulia kwa Kiswahili. Mchimbaji aliyetoka kwenye maduara ya Katente na fedha kidogo mfukoni hapendi kubahatisha. Anamfuata mtu ambaye jana hakumwangusha.

Ninauheshimu sana uaminifu huo. Kuipenda sura ya nyota hakuhitaji kazi yoyote. Anayemfuata fundi kutoka kazi hii hadi ile amekwisha kutazama kwa makini hata akautambua mkono.

Jina kubwa katika ufundi huu kwetu Tanzania ni Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala. Aliwasimulia watu filamu papo kwa papo, kipaza sauti mdomoni, televisheni ikiwa mbele yake. Baadaye sauti yake iliingizwa kwenye kanda za VHS na diski, ikafika vijiji ambavyo mwenyewe hakuvikanyaga. Kwa mashabiki wake, mapigano ya Wachina, machozi ya Wahindi na uchawi wa Kinigeria vyote vilikuwa kazi za mtu mmoja. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, ufundi huohuo una magwiji wake kwa Kiganda, kama VJ Jingo. Na filamu ya Nabwana I.G.G. ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imezunguka dunia nzima ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, kama mhusika mwingine.

Asiyeijua kazi hii hudhani inatosha kujua Kiingereza. Mtafsiri huitazama filamu kwanza peke yake mpaka ajue nani ni ndugu wa nani na nani atamsaliti nani, maana akichanganya ukoo mwanzoni, mwisho hautaeleweka. Kisha kuna majina. Jina refu la Kikorea halikai masikioni mwa watu waliobanana bandani huku jenereta ikinguruma nje, kwa hiyo mhusika hupewa lakabu iliyobeba tabia yake. Halafu kuna pumzi. Sauti ni moja na wanaogombana ni watano: anaipandisha kidogo kwa mama mkwe, anaikaza kooni kwa jambazi, na mtazamaji lazima ajue kila mara ni nani anayesema. Mzungu akitamka sentensi tatu, mtafsiri anapata muda wa sentensi tatu tu. Humo atie maana, aeleze desturi ya kigeni ambayo bila kuelezwa watu wangebaki wanatazamana, atupe na kichekesho, kisha atoke kabla risasi haijalia. Watafsiri wenyewe husema wanauchukua wali na kuugeuza pilau. Walio bora kati yao wanajua pia kunyamaza. Mama anapoinama juu ya mwanawe aliyekufa, wanauacha muziki uendelee peke yake. Hapo ndipo mimi humpima mtafsiri.

Kuna njia nyingine, ya studio. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, kila mhusika na sauti yake, na Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Kazi ilikuwa safi. Lakini watu walimkumbuka Doudou, na waliompa Kiswahili chake hawakuulizwa majina.

Huku kwetu kumuuliza fundi ni mazoea ya zamani. Baada ya mavuno, makundi ya Wagika na Wagalu wa Usukumani hucheza ngoma siku moja, uwanja mmoja, wakitazamana, na kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Hakuna jaji mwingine. Ndiyo maana manju hutunga nyimbo mpya kila msimu, na wengine hutafuta hata dawa ya mvuto. Mashabiki humfuata manju wao kijiji hadi kijiji ili wasikie safari hii ametunga nini. Sishangai kwamba watu wenye malezi hayo, walipoletewa filamu, walitaka kwanza kujua aliyeko nyuma yake.

Kinachoniuma ni kwamba jicho hilo bado hatujalielekeza vya kutosha kwa waandishi wetu wenyewe. Filamu nyingi za kigeni za mabandani zilitafsiriwa bila idhini, na aliyeziandika kwa mara ya kwanza amepotea kabisa; hiyo ni dhuluma ya kweli kwa fundi mwenza wa mtafsiri. Hata hapa nyumbani hali si tofauti sana. Tangu 1993, Radio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati, madereva wa malori walimjua Mkwaju, dereva mwenzao wa kwenye mchezo, kama mtu wa kijiwe chao. Aliyekuwa akiandika matendo ya Mkwaju wiki baada ya wiki hakujulikana kwa wengi wao. Mwigizaji Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, mkoa uliokuwa na Ushirombo ndani yake hadi Geita ilipopata mkoa wake mwaka 2012, alifuatwa na watazamaji kutoka michezo ya Kaole kwenye ITV hadi kwenye filamu zake. Alifuatwa kwa sura yake. Kwamba pia alikaa akaandika na kuongoza, wachache walilizungumza.

Mambo yameanza kubadilika. Jina la mwongozaji Lamata limekuwa sababu tosha ya kuwasha televisheni: waliomjua kwenye tamthilia ya Kapuni waliiendea Jua Kali wakijua ni mkono uleule. Kenya, Lulu Hassan na Rashid Abdalla wamewavusha watazamaji wa Citizen kutoka Maria hadi Zora, na kutoka Zora hadi Sultana, waigizaji wakibadilika na watu wakibaki. Hao ni watayarishaji na waongozaji. Waandishi wa kurasa zenyewe bado majina yao hupita mwishoni kwa herufi ndogo, mbiombio, mara nyingi yakikatwa na tangazo. Nimejizoeza kuyasoma upesi, na nikiona jina nililokwisha kukutana nalo kwenye tamthilia nyingine, nawaambia niliokaa nao: huyu ndiye aliyeandika ile.