Kustaafu na Mamlaka ya Mpelelezi katika Riwaya za John Rebus za Ian Rankin

Mfululizo wa riwaya za Ian Rankin kuhusu John Rebus, ulioanza na Knots and Crosses (1987), humzeesha mhusika wake kadiri miaka inavyopita; katika Exit Music (2007) askari huyo wa Edinburgh anafikia umri wa kustaafu. Ni rahisi kuzisoma riwaya zinazofuata kama maombolezo ya uzee. Usomaji huo haujitoshelezi. Anachopoteza Rebus ni kitambulisho cha polisi, yaani haki ya kubisha mlango wa mtu na kudai jibu. Katika Standing in Another Man's Grave (2012) anafanya kazi kama raia katika kitengo cha kesi za zamani, na mbinu zilezile zilizoitwa ushupavu, kuficha habari na kukaa baa na wahalifu, zinabaki uchi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hakuwa polisi, hivyo hana ngao ya kuvuliwa, Rebus anayo. Saints of the Shadow Bible (2013) inaligusa suala hilo kwa kuchunguza maovu ya maofisa wenzake wa zamani, lakini Rebus mwenyewe amerudishwa kazini, ingawa kwa cheo cha chini, na hoja inapoa. Inapata makali tena katika A Heart Full of Headstones (2022), inayofunguka Rebus akiwa kizimbani. Katika Midnight and Blue (2024) anapeleleza mauaji gerezani, akiwa mfungwa.