Kabati la Nguo Lipimwe Mgongo Kwanza

Mafundi wa Keko, wilayani Temeke, wanajua wateja wengi huanzia wapi: mlangoni. Mteja hupapasa ubao uliong'arishwa, hujitazama kwenye kioo, kisha huuliza bei. Anayejua makabati huipita milango hiyo, akazunguka, akainama kutazama nyuma. Anatafuta mgongo.

Mgongo ndio unaozuia kabati lisiyumbe. Hadibodi ya milimita 3 iliyopigiliwa vimisumari kingoni inatosha kuficha ukuta, lakini kabati likisukumwa huanza kucheza. Plaiwudi ya milimita 6, iliyochomekwa kwenye mfuo uliochimbwa ndani ya mbao za ubavuni, hushikilia pembe zote nne. Kuhakiki ni kazi ya futikamba na watu wawili: pima kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu pima mshazari wa pili. Vipimo hivyo viwe sawa. Vikiachana kwa milimita 5, kabati limekwenda upande, na milango itagombana hata ikifungwa bawaba za bei ya juu kiasi gani.

Baada ya mgongo, mbao. Mninga na mkongo zimejijengea heshima kwa haki: zikikaushwa vizuri hazichezi sana, na kiini chake huwashinda mchwa. Ila neno kubwa hapo ni kiini. Sehemu nyeupe iliyokuwa chini ya gome haina kinga hiyo, na dumuzi huipenda. Kwa hiyo mnunuzi afungue droo na atazame upande wa ndani, mahali ambapo rangi ya vanishi haikupita. Akiona michirizi myeupe kando ya wekundu wa mninga, aulize. Na kama mlango una paneli ya mbao halisi ndani ya fremu, paneli hiyo isigandishwe kwa gundi. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu wa hewa unavyopanda na kushuka, na ikinyimwa nafasi hupasuka.

Siku hizi, hata hivyo, makabati mengi ya kujengea ukutani hutengenezwa kwa MDF au chipubodi, na hakuna aibu katika hilo. Bodi ya MDF ya milimita 18, yenye futi 8 kwa 4, ina uzito wa karibu kilo 40. Bodi nyepesi kupita kiasi kwa unene huo itiliwe shaka. Adui mkubwa wa bodi hizi ni maji. Nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi zikilowa huvimba, na zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Katika nyumba inayopigwa deki kila asubuhi, kabati lililokalia sakafu moja kwa moja huanza kuoza miguuni kabla mtoto hajamaliza darasa la kwanza. Lisimame juu ya miguu ya plastiki au kitako kilichoinuliwa, na kila ukingo uzibwe kwa utepe wake, hata ule wa chini usioonekana. Pitisha kucha kwenye ukingo: utepe uliobandikwa kwa mashine haushiki kucha. Harufu kali inayowasha macho kabati likifunguliwa ni dalili ya fomaldehidi itokayo kwenye gundi. Bodi zinazotimiza kiwango cha Ulaya kiitwacho E1 hutoa kidogo, na muuzaji makini anajua kama zake ni hizo.

Shelfu zinataka hesabu kidogo. Ubao uliosheheni nguo sawasawa kwa urefu wake wote hulemaa kwa kasi inayoshangaza: urefu ukiongezeka mara mbili, mlemao huongezeka mara 16. Ukiongeza unene mara mbili, mlemao hupungua mara 8. Ndiyo maana shelfu ya chipubodi ya milimita 18 isivuke sentimita 80 hivi bila mhimili katikati. Shelfu ya mita moja na nusu, iliyonyooka na kupendeza siku ya kukabidhiwa, baada ya mwaka wa mashuka na mablanketi itakuwa imepinda kama upinde. Bomba la kutundikia linafuata mantiki hiyohiyo. Nguo 40 za nusu kilo kila moja ni kilo 20, kabla ya koti la babu. Bomba la chuma lishikwe na skrubu pande zote mbili, na likiwa refu liongezewe mshikio wa kati unaoning'inia kutoka juu.

Kama bajeti ni finyu, fedha iende kwenye vyuma, milango ipakwe rangi ya kawaida. Bawaba za ndani, zile zinazozama kwenye tundu la milimita 35, ziwe na skrubu za kurekebisha mlango kwenda juu na chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Idadi yake pia hueleza umakini wa fundi: mlango wa mita 2 unataka bawaba nne, na ukiona mbili umeona ubahili. Droo ivutwe hadi mwisho kisha itikiswe. Reli za goroli zinazofunguka zote huacha hata kona ya nyuma ionekane. Zile za vigurudumu vya plastiki hufunguka robo tatu tu, na soksi za nyuma husahaulika huko. Jaribio zuri ni kuisukuma droo kwa kidole kimoja kwenye kona badala ya katikati. Ikiingia bila kukwama, imefungwa kwa mraba. Ukanda wa pwani, chuma chenye kromu hafifu hupata kutu inayohamia kwenye kanzu nyeupe, na doa hilo halitoki kirahisi.

Lakini kabati linaweza kufaulu mitihani yote hiyo na bado likawa baya kwa familia fulani, kwa sababu lilipimwa ukuta badala ya watu. Nyumba za mawe za Lamu zilijengewa zidaka, yaani mashubaka ndani ya kuta, safu juu ya safu. Wazo hilo la hifadhi kuwa sehemu ya nyumba linastahili kurithiwa na chumba cha kupanga cha leo, mradi vipimo vitokane na watu wanaoishi humo.

Basi kabla fundi hajaitwa, nguo zote zimwagwe kitandani na kila mtu apange rundo lake. Kanzu na baibui za watu wazima zinahitaji mwanya wa sentimita 150 hadi 160 kutoka bomba hadi chini. Mashati na blauzi hutosheka na mita moja, hivyo mabomba mawili yanaweza kukaa moja juu ya jingine. Kina kiwe sentimita 55 hadi 60, la sivyo henga itagonga mlango. Doti za khanga na vitenge hazitaki kutundikwa. Zinataka shelfu fupi zenye mianya ya sentimita 30, maana rundo refu huporomoka kila inapochomolewa ya chini. Sanduku la bibi nalo lipimwe na kuachiwa nafasi yake sakafuni, lisije likafukuzwa na kabati jipya. Bomba la mtoto wa miaka sita liwe mahali anapolifikia bila kiti, ili sare yake ya shule aitundike mwenyewe.

Siku ya kufunga, watoto wana kazi ya kweli. Mmoja hushika pimamaji na kutangaza pale kiputo kinapotulia katikati, mwingine huhesabu skrubu. Mtu mzima hushika keekee, naye asiruke hatua moja: kulifunga kabati ukutani. Mwaka 2016 IKEA iliondoa sokoni nchini Marekani makabati ya droo takribani milioni 29, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa na makabati ambayo hayakufungwa ukutani. Mtoto huzivuta droo zikawa ngazi, na uzito wote huja mbele. Vyuma viwili vya pembe, na skrubu ndefu zinazoingia kwenye plagi ndani ya tofali, si kwenye lipu pekee, huzuia janga hilo kwa gharama ndogo.

Fundi akishaondoka, kabati liachwe wazi siku kadhaa ili harufu ya gundi na vanishi itoke. Sehemu ya mwisho ya malipo ni vizuri ilipwe baada ya droo kujazwa nguo na kufunguliwa na kila mwanafamilia, kwa kuwa kabati tupu huficha kasoro nyingi. Kisha kila Januari, sare mpya zikinunuliwa, vishikizo vya shelfu za watoto huchomolewa na kupandishwa tundu moja au mawili. Katika mfumo uliozoeleka Ulaya, matundu hayo huachana kwa milimita 32, na fundi aliyeyatoboa safu nzima tangu mwanzo ameiokolea familia gharama ya kabati la pili.