Utepe wa mita 150 juu ya miombo ya Namtumbo

Mwaka 1927 wapenzi wa urubani walianzisha klabu yao jijini Nairobi, Aero Club of East Africa. Ndege zao zilikuwa ndogo, za injini moja, na haikupita miaka mingi kabla hazijaingia kwenye uwindaji: aliye angani humwona tembo wakati msaka nyayo wa chini bado anapapasa vichaka. Denys Finch Hatton alinunua Gipsy Moth mwaka 1930 akaitumia kutafuta tembo; Mei 1931 ilianguka naye Voi, akafa. Beryl Markham naye aliwatafutia wawindaji tembo kwa ndege, kabla ya mwaka 1936 alipovuka Atlantiki peke yake.

Hao walikuwa wakitafuta tembo, na kwa kazi yao kumwona mmoja kulitosha. Kuhesabu ni jambo jingine kabisa. Ndege ileile ndogo iligeuzwa kuwa kipimo kwa ufundi ambao watu wa Wilaya ya Namtumbo wana haki ya kuuelewa, maana takwimu za tembo wa kusini hutoka humo. Kaskazini wilaya hii inapakana na Pori la Akiba la Selous. Kusini, ushoroba wa Selous–Niassa unapita katika ardhi ya vijiji, Mbarang'andu ikiwemo, hadi Mto Ruvuma na Msumbiji. Tembo wanaovuka huko wanapita karibu na mashamba ya watu.

Ndege inayotumika kwa kawaida ni Cessna ya bawa la juu, kwa sababu bawa la chini lingemziba mtu macho. Ndani wamo wanne: rubani, mwandishi aliyeketi kando yake, na watazamaji wawili nyuma, kila mmoja na dirisha lake. Kwenye nguzo ya bawa, kila upande, hufungwa fimbo mbili zinazoelekea nyuma. Mtazamaji anapoketi sawasawa, nafasi iliyo kati ya fimbo hizo huchora ardhini utepe wenye upana wa mita 150 hivi. Tembo akiwa ndani ya utepe anahesabiwa. Akiwa nje, hata kama ni dume la kupendeza lenye pembe za kufagia ardhi, anaachwa. Nidhamu hiyo ya kumwacha mnyama unayemwona kwa macho yako ndiyo moyo wa kazi nzima, na ndiyo iliyo ngumu kuliko yote.

Utepe huo una sharti lake: kimo. Ndege huruka takriban futi 350 juu ya ardhi, yaani mita 107. Ikipanda hadi futi 420 bila mtu kugundua, utepe wa mita 150 unakuwa wa mita 180, na hesabu inaharibika kimyakimya. Ndiyo maana hutumika kipima-kimo cha rada au leza, na mwandishi huandika kimo mara kwa mara. Kabla ya kuanza, ndege hupitishwa mara nyingi juu ya uwanja uliowekwa alama za umbali, watazamaji wakisoma alama wanazoziona kati ya fimbo. Juu ya vilima na mabonde, rubani hana raha hata dakika moja: kila mteremko unamdai abadilishe kimo, huku akitakiwa asitoke kwenye mstari.

Mistari ambayo ndege huifuata ikiachana kilomita tano, tepe mbili za mita 150, moja kila upande, zinafunika asilimia 6 tu ya eneo. Kwa hiyo kila tembo aliyeonekana anasimama badala ya tembo 17 hivi, na kundi la tembo 12 likijificha chini ya miti ndani ya utepe, makadirio yanapungua kwa 200. Kwa kuwa mistari hailingani urefu, hesabu ya mwisho na kiwango cha shaka yake hupatikana kwa kanuni aliyoichapisha mtakwimu Jolly mwaka 1969. Anayetangaza idadi bila kutaja kiwango hicho cha shaka anawanyima watu nusu ya habari.

Tsavo, kwenye nyika ya wazi, Wakenya wameweza kupita eneo lote na kuhesabu kila tembo, wakisaidiwa na marubani wa kujitolea wenye ndege zao. Kwenye miombo yetu njia hiyo ingedanganya. Hapa husubiriwa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, na hata hivyo ndege inakwenda kama mita 50 kwa sekunde. Mtazamaji ana sekunde chache tu za kutofautisha mgongo wa tembo na kichuguu.

Pamoja na udhaifu huo, njia ya utepe ilitupigia kengele. Mwaka 1976 Selous ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2006 mfumo wa Selous–Mikumi ulikuwa na takriban 70,000, mwaka 2009 takriban 39,000, na mwaka 2013 wakabaki 13,084. Hakuna kosa la kimo wala la majani linaloweza kueleza poromoko kama hilo. Tena watazamaji huandika pia mizoga, kwa kuwa mifupa myeupe huonekana vizuri kutoka juu: mizoga ikizidi asilimia 8 ya tembo wote walioonekana, wazima na wafu, hudhaniwa kwamba vifo vimezidi uzazi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Siku hizi kamera zinajaribiwa badala ya macho. Richard Lamprey na wenzake walilinganisha viwili hivyo Tsavo, na ikaonekana watazamaji walikuwa wakikosa zaidi ya nusu ya twiga waliopigwa picha. Twiga, mnyama mrefu kuliko wote, tena kwenye nyika ya wazi. Ningependa kuona kamera hizo zimefungwa kwenye nguzo za bawa ndege itakapopita tena juu ya Mbarang'andu, na picha zake zipelekwe Likuyu Sekamaganga, wanakofunzwa askari wa wanyamapori wa vijiji, wazilinganishe na nyayo wanazozifuata kwa miguu.