Mbalamwezi na Mfungo wa Simu

Kila Kwaresima inapokaribia, hubiri la kufunga simu hurudi. Nimelisikia mara nyingi, na wasomaji wa kitabu hiki bila shaka wamelisikia nao: tukae siku kadhaa bila simu, tupumzishe macho na akili, turudi kwa Mungu na kwa watu wa nyumbani mwetu. Andiko linalosomwa karibu kila mara ni Marko 6:31, pale Yesu anapowaita mitume wajitenge naye mahali pa upweke wapumzike. Hubiri hili nalipenda, na haja yake naiona. Jioni utakuta watu wanne wa nyumba moja wamekaa mkeka mmoja, kila mmoja ameinamia kioo chake, na mgeni akibisha hodi anaitikiwa bila kutazamwa. Hata hivyo naona tumelihubiri nusu, na nusu tuliyoiacha imewaumiza baadhi yetu.

Mwaka mmoja tulitangaziwa mfungo wa siku saba hapa kwetu Ilagala. Nilitii. Usiku wa pili nililala mapema kuliko nilivyolala kwa miezi mingi, na siku ya tatu mjukuu wangu alinisimulia hadithi ndefu ya shuleni, nikaisikiliza mpaka mwisho. Siku ya nne nilikwenda mazoezi ya kwaya nikakuta kanisa limefungwa. Saa ilikuwa imebadilishwa, na tangazo lilipitishwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Waliokosa ni wale waliotii. Tulicheka sana.

Jirani yangu, mama anayeanika dagaa, hakucheka. Mnunuzi wake wa mjini Kigoma alimpigia asubuhi, hakumpata, akachukua mzigo wa mtu mwingine. Jioni ile mvua ikanyesha, dagaa wake wakaharibika. Jumapili iliyofuata aliniuliza, "Mwalimu, ule mfungo ulikuwa wa nani?"

Swali hilo nililirudisha kwenye andiko lenyewe. Kosa letu la kwanza ni kukomea mstari wa 31. Mstari ule unaeleza vizuri ugonjwa wetu: watu walikuwa wakija na kuondoka mfululizo, hata chakula kikawashinda mitume. Lakini endelea kusoma. Wanapanda mashua kwenda faraghani, watu wanawaona, wanakimbia kwa miguu kutoka miji yote na kuwatangulia kufika. Mapumziko yameharibika kabla hayajaanza! Yesu anaposhuka anawahurumia watu wale, anaanza kuwafundisha. Jua linapokaribia kuzama mitume wanashauri umati uruhusiwe uende ukajitafutie chakula, naye anawarudishia kazi hiyo wenyewe. Faragha yake anaipata baadaye, katika mstari wa 46, baada ya watu kula na kuagwa. Anapanda mlimani kuomba. Na hata huko, Marko anasema, aliwaona wanafunzi wake wakihangaika na makasia kwa sababu upepo ulikuwa wa mbisho. Alikuwa peke yake, lakini hakuwa amewapoteza machoni. Mtu aliyewahi kuvuka mdomo wa Malagarasi upepo ukiwa umechafuka ataelewa kwa nini Marko hakuliacha jambo hilo.

Sisemi kwamba kila anayeita lazima aitikiwe. Katika Marko 1 Simoni anamfuata Yesu alfajiri kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, na Yesu anaamua kwenda vijiji vingine. Injili ile ile ina majibu mawili, na mhubiri anayelichukua moja tu anatupunguzia mzigo wa kupambanua.

Kosa la pili ni zito zaidi. Tumeufanya mfungo wa simu kuwa jambo la nguvu za mtu mmoja mmoja: anayeweza azime, anayeshindwa ana roho dhaifu. Amri ya Sabato haikutolewa hivyo. Soma Kutoka 20 na Kumbukumbu la Torati 5. Katika zote mbili wanatajwa mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni aliye ndani ya malango. Kumbukumbu la Torati linaongeza sababu, kwamba mtumwa naye apate kupumzika kama bwana wake. Mapumziko yanaanza kuhesabiwa kwa aliye chini. Mwalimu mstaafu kama mimi akizima simu wiki nzima hapotezi kitu. Kijana wa bodaboda akizima, wateja wanampigia mwenzake. Wakala wa fedha akifunga, aliye karibu naye anafungua. Amosi 8:5 inawasema wafanyabiashara waliokuwa wakiona mwezi mwandamo na Sabato vinachelewa kwisha ili warudi kuuza nafaka kwa mizani ya udanganyifu. Mwili umepumzika, roho inahesabu faida. Naogopa mfungo wetu unaweza kutufanya hivyo pia.

Na ajabu ni kwamba sisi wa ziwa hili tuna mapumziko mengine, tena ya zamani kuliko simu. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za umeme wa jua. Dagaa hufuata mwanga, wakishakusanyika wavu unainuliwa. Mwezi unapopevuka, mwanga wake unaenea juu ya maji yote na taa ya mvuvi haina tena cha kuwavutia. Basi katika kila mzunguko wa siku 29 na nusu, siku kadhaa za mbalamwezi mitumbwi hulala ufukweni. Nyavu hushonwa, mbao zilizolegea hupigiliwa, wenye familia mbali huenda kuwaona. (Nisizifanye siku hizo kuwa takatifu. Wapo wanaozimalizia kilabuni, na sasa wengi wanazimalizia kwenye simu.) Ninachopenda ni hiki: mvuvi hapungukiwi mbele ya jirani yake kwa kupumzika, kwa sababu jirani naye amepumzika, na mnunuzi anajua asimtafute.

Tuliona pia pumziko kubwa zaidi mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa lilipumzika kwa pamoja. Lakini miezi mitatu si siku saba za mbalamwezi, na nyumba inayoishi kwa wavu iliuliza itakula nini. Swali lile la mitume jioni lilikuwa limerudi kwetu, na kuwaambia watu wakajitafutie halikuwa jibu la Yesu.

Kwa hiyo nimewaandikia wazee wa kanisa. Nimeomba kwanza kanisa lenyewe linyamaze: tangazo lisomwe ibadani au libandikwe mlangoni, lisipitishwe kwenye kundi siku ya mfungo. Badala ya wiki nzima mara moja kwa mwaka, tukubaliane Jumapili, tangu ibada hadi saa kumi jioni, sote kwa pamoja, na kina mama wa dagaa wawaambie wanunuzi wao mapema. Na iwepo simu moja ya zamu kwa ajili ya mgonjwa, mjamzito na msiba, namba yake ijulikane na kila nyumba.

Nilimweleza jirani yangu mpango huo. Akafikiri, akauliza nani ataishika hiyo simu Jumapili ya kwanza. Nikamwambia ni mimi.

"Basi nipe namba yake, Mwalimu," akasema, "nimpe mnunuzi wangu."